Siku nne kwa baiskeli kati ya mizabibu ya Alsace: mwongozo kamili kutoka Strasbourg hadi Thann

Ukitoka Hunawihr kwenda Riquewihr saa moja asubuhi, njia nzima ni yako. Ni ukanda mwembamba unaotosha trekta moja, mizabibu imesimama kulia na kushoto kufikia kwapa, umande bado uko kwenye majani, na kinachosikika ni cheni ya baiskeli na kengele ya kanisa uliloliacha nyuma. Ikifika saa tano, barabara ya magari iliyo karibu na hapo imeshajaa mabasi ya watalii. Mahali ni palepale. Kinachobadilika ni njia uliyochagua na saa uliyoamka.

Alsace iko mashariki mwa Ufaransa, imebanwa kati ya milima ya Vosges na mto Rhine. Barabara ya mvinyo ya magari ilizinduliwa mwaka 1953, nayo ina urefu wa takriban kilomita 170 kutoka Marlenheim hadi Thann. Sambamba nayo kuna njia ya baiskeli, Véloroute du Vignoble, ya kilomita 135 hivi, ambayo ni kipande cha EuroVelo 5, ile njia ndefu inayotoka London kwenda hadi Brindisi, Italia. Nimeishi Strasbourg miaka kadhaa na njia hii nimeipita mara nyingi, peke yangu na pamoja na wageni kutoka nyumbani. Ushauri wangu mkubwa nautanguliza: huku usihesabu kilomita, hesabu vilima. Na usiweke kambi Colmar ukawa unakwenda vijijini na kurudi. Lala humohumo vijijini, uamke nao.

Ielewe ardhi kwanza

Kila kijito kinachoshuka kutoka Vosges kimechimba bonde lake, na pale bonde linapofunguka kuelekea uwanda wa Rhine ndipo watu walipojenga kijiji. Kati ya bonde na bonde kuna mgongo wa kilima uliopandwa mizabibu, mingi ikiwa kwenye mwinuko wa mita 200 hadi 400 juu ya usawa wa bahari. Sasa wewe unasafiri kutoka kaskazini kwenda kusini, maana yake unaikata migongo hiyo mmoja baada ya mwingine. Unapanda, unashuka, kijiji. Unapanda tena, unashuka, kijiji kingine. Hakuna mlima hata mmoja unaotisha kwenye njia kuu, ila vimlima havikomi, na vingine vina vipande vifupi vyenye mwinuko wa asilimia nane hadi kumi.

Mimi nilijifunza hilo kwa maumivu. Mara ya kwanza nilitazama ramani nikaona Obernai hadi Colmar si mbali, nikasema hiyo ni kazi ya nusu siku kwa mtu aliyekulia Moshi. Nilifika chini ya Zellenberg, kijiji kilicho juu ya kilima, saa tisa alasiri, misuli ya mapaja imekaza kama kamba, maji yamekwisha, na jiko la kila mgahawa limeshafungwa. Nilisukuma baiskeli hadi juu. Tangu siku hiyo siku zangu zote za mizabibuni ni za kilomita 30 hadi 50, basi.

Habari njema ni hali ya hewa. Mawingu yanayotoka bahari ya Atlantiki humwaga mvua yao upande wa magharibi wa Vosges, na huku mashariki hufika yamekauka. Colmar hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, kiwango cha chini sana kwa Ufaransa. Ndiyo maana zabibu huiva vizuri, na ndiyo maana hata wewe huenda ukamaliza siku nne bila kulowa.

Chagua majira

Anayeijua mizabibu ya Dodoma amezoea mavuno mawili kwa mwaka. Huku ni moja. Mzabibu hulala majira yote ya baridi, huchipua Aprili, huchanua Juni, zabibu hubadilika rangi Agosti, na mavuno huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba hadi Oktoba.

Nafasi nzuri ni mbili. Ya kwanza ni katikati ya Mei hadi katikati ya Juni: siku ni ndefu, joto ni la wastani, vijiji havijajaa. Ya pili ni nusu ya pili ya Septemba hadi mwanzo wa Oktoba, ambapo harufu ya zabibu zilizokamuliwa inatoka kwenye kila ua na majani yanaanza kugeuka manjano. Hiyo ya pili ni tamu zaidi, lakini ina masharti: matrekta ni mengi, vyumba hujaa mapema, na Jumapili mchana kila mtu wa mkoa yuko barabarani. Ukija Septemba, panga siku zako za Riquewihr na Kaysersberg ziwe kati ya Jumatatu na Alhamisi. Agosti kuna joto kali mchana na kwenye mizabibu hakuna kivuli. Desemba ni ya masoko ya Krismasi, iache.

Angalia pia sikukuu. Mei ina kadhaa, na Alsace ina mbili za ziada ambazo sehemu kubwa ya Ufaransa haina: Ijumaa Kuu na tarehe 26 Desemba. Siku hizo maduka hufungwa, na mtu asiyejua hubaki na njaa.

Baiskeli, gia na vitu vya kubeba

Baiskeli yoyote yenye gia za kupandia mlima inafaa. Kwa baiskeli ya barabarani, nashauri gia ndogo ya mbele iwe na meno 34 na kubwa ya nyuma meno 32 au 34, ili upande kilima ukiwa umekaa, hujasimama unayumba. Tairi zisiwe nyembamba sana. Upana wa milimita 32 unakufaa kwa sababu utapita kwenye lami, zege, mawe ya vijijini na mara mojamoja changarawe. Tairi jembamba lililojazwa upepo hadi likawa jiwe litakutoa meno Riquewihr.

Breki zikaguliwe na fundi kabla hujaondoka. Watu huhangaikia kupanda, lakini aliyepakia mizigo akashuka kona za Itterswiller na breki zilizolika ndiye aliye hatarini.

Beba tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, viondoa tairi na spana ndogo za baiskeli. Pancha za huku zina sababu yake: mizabibu imefungwa kwenye waya, na wakulima wanapokarabati, vipande vifupi vya waya hubaki njiani. Ukipata pancha, usikimbilie kuweka tyubu mpya. Pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote. Nilipokuwa Dambach niliweka tyubu mbili mfululizo kabla sijagundua kwamba kipande cha waya kama nusu ya kucha kilikuwa bado kimejichomeka mle ndani.

Kwa mizigo, mkoba mmoja kwenye kerea unatosha: nguo ya kubadilisha, koti la mvua, sweta la asubuhi, mafuta ya jua. Kama magoti yanasumbua au unasafiri na mzazi wako, kodi baiskeli ya umeme. Injini husaidia hadi kasi ya kilomita 25 kwa saa na hukata yenyewe. Ninapokwenda na mama huwa tunamkodia hiyo, naye hunisubiri juu ya kila kilima.

Kufika, kulala, kurudi

Strasbourg inafikika kwa treni kutoka Paris na Ujerumani, na uwanja wa ndege wa Basel-Mulhouse uko upande wa kusini. Treni za mkoa, TER, hupita Strasbourg, Sélestat, Colmar na Mulhouse, na zipo zinazoingia Molsheim, Obernai, Barr na Thann. Baiskeli hupanda humo nafasi ikiwapo, lakini epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini. Tafuta mlango wenye picha ya baiskeli. Uzuri wa reli hii ni kwamba iko karibu na wewe sehemu kubwa ya safari: mvua ikikunyeshea au goti likigoma, shuka kilomita chache hadi stesheni.

Vyumba vya kulala nje ya hoteli huitwa chambres d'hôtes, na vingi ni vya wakulima wenyewe wa zabibu. Unapoweka nafasi uliza jambo moja: je, kuna mahali pa kufungia baiskeli usiku? Kwa Septemba weka nafasi miezi miwili kabla.

Sheria na adabu

Ufaransa dereva haruhusiwi kuzidi gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu, na sheria hiyo inamhusu mwendesha baiskeli pia. Vipokea sauti vya masikioni ni marufuku ukiwa unaendesha. Mtoto chini ya miaka 12 lazima avae helmeti; mtu mzima halazimishwi, ila mimi nakuomba uivae. Nje ya miji, usiku au ukungu ukitanda, kizibao cha kung'aa ni lazima. Gari linalokupita nje ya mji linapaswa kukuachia mita moja na nusu.

Ukiwa mizabibuni, kumbuka kwamba unapita kwenye sehemu ya kazi ya watu. Trekta lina haki ya kwanza. Yale matrekta marefu yenye miguu inayopita juu ya mstari wa mizabibu hayaoni vizuri kilicho karibu chini, kwa hiyo simama pembeni, mwangalie dereva, subiri akupungie mkono. Usichume zabibu, hata moja. Wakati wa mavuno zabibu hudondoka kutoka kwenye matela zikakanyagwa, na zege hilo huteleza kama sabuni. Nyigu nao huja.

Halafu salamu. Kila unayemkuta shambani, kila duka unaloingia, sema "bonjour" kwanza. Hiyo ndiyo hodi yao, na asiyebisha hodi hupokewa kwa uso mkavu.

Kula, na habari ya mvinyo

Mchana majiko hupika kuanzia saa sita hadi saa nane hivi. Saa nane na nusu umechelewa, utangoja jioni. Kwa hiyo kila asubuhi nunua mkate na jibini kwa mwokaji kabla hujatoka kijijini. Jumatatu waokaji wengi hufunga, nunua Jumapili asubuhi. Mabomba na chemchemi za vijijini zinavutia, lakini soma kibao: "eau potable" ni maji ya kunywa, "eau non potable" usiyaguse.

Msomaji asiyekula nguruwe anahitaji tahadhari, kwani vyakula vya Alsace vimejaa nyama hiyo, na hata flammekueche, ule mkate mwembamba wenye krimu na vitunguu, huwekwa vipande vya nguruwe. Sema "sans lardons" unapoagiza, na kama unataka tahadhari zaidi chukua samaki wa trout, au kougelhopf, keki yao ya zabibu kavu na lozi. Na asiyekunywa pombe asijione amepotea njia. Wakulima wengine huuza maji ya zabibu yaliyokamuliwa bila kuchachushwa, na ni matamu kweli baada ya kilima.

Kwa wanaokunywa: Alsace hutengeneza zaidi mvinyo mweupe, na huita mvinyo kwa jina la zabibu yake, Riesling, Gewurztraminer, Pinot gris, Sylvaner, Muscat. Mashamba 51 yana daraja la juu la Grand Cru, na utayaona majina yake kwenye vibao njiani. Onja baada ya kufika unapolala. Ukionja mchana, tema kwenye chombo kilichowekwa kwa kazi hiyo, hakuna atakayekushangaa. Chupa ni nzito na kerea ni ndogo, kwa hiyo muulize mkulima kama anatuma nyumbani.

Siku ya kwanza: Strasbourg hadi Obernai, karibu kilomita 40

Anza kwa wepesi. Kutoka Strasbourg fuata Canal de la Bruche, mfereji uliochimbwa mwaka 1682 chini ya Vauban, mhandisi wa vita wa Louis XIV, ili kubeba mawe ya kujengea ngome ya mji. Leo hakuna mashua, ni njia ya baiskeli tambarare iliyofunikwa na miti na vinyumba vya walinzi wa malango ya maji. Miguu inapata moto bila kujua.

Ukikaribia mwisho wa mfereji, ingia Avolsheim ulione kanisa la Dompeter, limesimama peke yake shambani. Liliwekwa wakfu na Papa Leo IX mwaka 1049. Kariri jina la papa huyo, utakutana naye tena. Molsheim, ambako Ettore Bugatti alianzisha kiwanda chake cha magari mwaka 1909, pita taratibu hadi uwanja wa kati, kisha endelea Rosheim. Rosheim naipenda kuliko watu wengi wanavyoijali. Kanisa lake la karne ya 12 ni la mawe ya manjano, na juu kwenye pembe za paa, ukitulia, utawaona simba wa mawe wamekaa wakishikilia watu. Ukiwa bado una nguvu, kuna njia laini iliyowekwa juu ya reli ya zamani, kilomita 11 kutoka Rosheim hadi Saint-Nabor chini ya mlima wa Sainte-Odile. Vinginevyo nenda moja kwa moja Obernai, ukaoshe uso karibu na kisima cha ndoo sita cha mwaka 1579.

Siku ya pili: Obernai hadi Ribeauvillé, karibu kilomita 50

Hii ndiyo siku ya vilima, kwa hiyo toka saa mbili asubuhi. Jaribu kubwa la leo ni D35, barabara ya magari ambayo kwenye ramani inaonekana fupi na nyoofu. Usiifuate. Fuata vibao vya kijani na nyeupe vya baiskeli, na kile cha bluu chenye nyota na namba 5. Njia za mashambani zinafanana, na kibao kimoja kikikupita utajikuta mwisho wa mstari wa mizabibu. Weka ramani kwenye simu kabla hujatoka, na chukua ya karatasi kwenye ofisi ya utalii.

Baada ya Heiligenstein na Barr unaingia Mittelbergheim. Hapa pumzika. Nyumba zimeshikana, za mawe, milango yake mipana ya duara ilichongwa wakati wa Renaissance, na nyingi bado ni za wakulima wanaokamua zabibu uani. Zotzenberg, shamba lililo juu ya kijiji, ndilo lililoipatia zabibu ya Sylvaner heshima ya Grand Cru ambayo kwingineko Alsace imeikosa. Mteremko unaofuata unakushusha Andlau, ambako Richardis, mke wa mfalme Charles Mnene, alianzisha abasia karibu mwaka 880. Wanasimulia kwamba dubu jike ndiye aliyemwonyesha mahali pa kujenga kwa kuchimba ardhi kwa makucha. Sanamu ya dubu huyo iko chini ya kanisa mpaka leo.

Kutoka Andlau kwenda Itterswiller ni kilima cha kweli, na hapa ndipo pa kujifunza kupanda. Badilisha gia kabla mwinuko haujaanza. Ukingoja hadi pedali zikaze, cheni italia na inaweza kuruka. Kaa kwenye siti, legeza mabega, shika usukani kama unavyoshika yai, na upumue kwa hesabu moja. Ukishindwa kuongea sentensi nzima unakwenda kasi mno. Itterswiller yenyewe imelala kwenye mgongo wa kilima kama kamba ya nguo iliyoanikwa maua.

Kushuka ni somo jingine. Njia hizi zina mifereji inayokatiza zege kwa ajili ya maji ya mvua, na gurudumu likiingia humo kwa upande unaanguka. Vuka mfereji ukiwa umenyooka. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, na tegemea changarawe kila njia mbili zinapokutana.

Kula mchana Dambach-la-Ville, mji mdogo wenye malango matatu ya kale. Baada ya Scherwiller na Châtenois utaliona juu kulia jengo kubwa jekundu, ngome ya Haut-Koenigsbourg, mita 757 juu ya usawa wa bahari. Kupanda kutoka Kintzheim ni zaidi ya mita 500 za mwinuko. Ukitaka, itengee siku yake. Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuitazama. Kati ya mwaka 1871 na 1918 Alsace ilikuwa sehemu ya Ujerumani, na ngome hii ilikuwa gofu hadi Kaisari Wilhelm II alipoijenga upya kati ya 1900 na 1908. Katikati ya miaka hiyohiyo, 1905 hadi 1907, jeshi la Kaisari huyohuyo lilikuwa likiwaua watu wa kusini mwa Tanganyika katika vita vya Maji Maji. Nilipoijua tarehe hiyo nilisimama njiani pale Orschwiller kwa muda mrefu nikiitazama.

Bergheim bado imezungukwa na ukuta wake. Kutoka hapo Ribeauvillé ni dakika ishirini, chini ya magofu ya ngome tatu.

Siku ya tatu: Ribeauvillé hadi Eguisheim, karibu kilomita 30

Kilomita chache, kwa makusudi. Amka mapema uone Hunawihr na kanisa lake lenye ukuta wa ngome, ambalo Wakatoliki na Waprotestanti wanasalia pamoja tangu karne ya 17. Angalia juu ya mapaa: korongo weupe wamejenga viota vikubwa kama matairi ya lori. Ndege hawa walikaribia kutoweka Alsace katika miaka ya 1970, wakarudishwa kwa kazi kubwa ya kuwazalisha.

Ingia Riquewihr kabla ya saa tatu. Shuka kwenye baiskeli ukiwa langoni na uisukume, kwa sababu mawe ya barabara kuu yakilowa hayana urafiki na tairi. Panda hadi mnara wa Dolder, uliojengwa mwaka 1291, geuka utazame chini: nyumba za mbao za rangi zote, mtaa ukiwa mtupu, mtu mmoja anafagia mbele ya duka. Saa nne ukitoka, mabasi yanaingia.

Ukiendelea kusini utaona kitu kinachowachanganya wengi. Bennwihr, Mittelwihr na Sigolsheim zina majina ya kale na nyumba mpya. Vita vya majira ya baridi ya 1944 na 1945, kabla Colmar haijakombolewa Februari 1945, viliangusha karibu kila kitu hapa. Juu ya Sigolsheim kuna makaburi ya kijeshi ya askari zaidi ya 1,500 waliopigana upande wa Ufaransa, wengi wao wametoka Afrika Kaskazini. Makaburi ya Waislamu yameelekezwa Makka. Kilima cha kwenda huko ni kikali. Panda. Kutoka juu unaona uwanda wote hadi Ujerumani, na mizabibu inafika hadi kwenye ukuta wa makaburi.

Kaysersberg ndiko alikozaliwa daktari Albert Schweitzer mwaka 1875, yule aliyefungua hospitali Lambaréné, Gabon, mwaka 1913. Daraja la mawe lenye ukuta wa ulinzi, la mwaka 1514, ndipo mahali pa kula mkate wako. Kisha fuata Ammerschwihr, Katzenthal na Niedermorschwihr, kijiji chenye mnara wa kanisa uliojisokota kama uzi, hadi Turckheim. Ukilala Turckheim badala ya Eguisheim, kuanzia Mei hadi Oktoba utamkuta mlinzi wa usiku akizunguka saa nne usiku na taa na koti lake jeusi, akiimba kila kona.

Eguisheim imejengwa kwa duara ndani ya duara. Izunguke taratibu kwa miguu ukisukuma baiskeli, jioni, na utarudi ulipoanza bila kugeuka. Yule Papa Leo IX wa Dompeter inasemekana alizaliwa hapa, mwaka 1002.

Siku ya nne: Eguisheim hadi Thann, karibu kilomita 50

Mwenye nguvu apande Husseren-les-Châteaux, kijiji kilicho juu kuliko vyote kwenye barabara ya mvinyo, karibu mita 380. Asiye nazo apite chini. Gueberschwihr wengi huiruka, na mimi nakusihi usiiruke: mnara wake wa kanisa ni wa karne ya 12, uwanja una kivuli, na mara nyingi nimeukuta mtupu.

Baada ya Rouffach na Westhalten vijiji vinapungua na watalii wanapotea kabisa. Pale Guebwiller miteremko ni mikali kiasi kwamba mizabibu inashikiliwa na kuta za mawe, na kazi nyingi hufanywa kwa mkono. Jaza maji hapa. Kuanzia Soultz hadi Cernay njia inapita kando ya msitu na mashamba, chini ya Hartmannswillerkopf, mlima uliogombewa na Wafaransa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza.

Thann unaanza kuijua kwa Rangen, mteremko wa mawe ya volkano unaosimama juu ya mto Thur kama ukuta, mizabibu imeng'ang'ania. Kanisa la Saint-Thiébaut liko katikati ya mji, mnara wake ulikamilika mwaka 1516. Funga baiskeli, ingia, kisha utoke utafute ngazi za kwenda Engelbourg, ngome iliyolipuliwa mwaka 1673 kwa amri ya Louis XIV. Kipande cha mnara wake kilianguka kikasimama kwa ubavu, duara kamili lenye tundu katikati. Wenyeji wanaliita jicho la mchawi. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kupanda. Treni za kwenda Mulhouse hupita mara kwa mara, usiwe na haraka.